Mjadala: Kampuni ikiingia maabara ya chuo, serikali ichangie nusu ya gharama?

Mleta mada (mwalimu wa chuo, maabara ya chakula)

Wadau, salaam. Nina jambo linanikera miaka sasa, naomba tulijadili bila kuvunjiana heshima. Kila bajeti ikikaribia tunaambiwa vyuo viache kufungia tafiti makabatini, vishikane na viwanda. Sawa, lakini nani alipe? Mimi nasema hazina iweke shilingi kwa shilingi: kampuni ikileta milioni 30 chuoni, serikali nayo iweke milioni 30. Ila fedha ya umma isitoke hata senti kabla mkataba haujabandikwa hadharani, kurasa zote, pamoja na viambatisho.

Mbona nang'ang'ania mkataba? Miaka ya nyuma kampuni moja ya chakula cha kuku ilituletea mahindi tuyapime sumukuvu, ile sumu inayotokana na kuvu. Walilipa vizuri, tena kwa wakati. Kwa fedha yao tulinunua kemikali ambazo tulikuwa tunaziazima maabara ya jirani kwa chupa. Mwanafunzi wangu wa uzamili akazunguka maghala manne, akachoma magunia kwa bambo, akasaga, akapima. Sampuli kadhaa zilivuka mbali mikrogramu 10 kwa kilo, ambacho ndicho kikomo cha mahindi kwenye viwango vya Afrika Mashariki. Alipotaka kuandika tasnifu yake, wakatoa mkataba, wakaweka kidole kwenye kipengele cha 9: matokeo yote ni mali ya mteja. Nilisaini mwenyewe, Ijumaa jioni, akili yote iko kwenye kemikali. Kijana akabadilisha mada, akapoteza mwaka na nusu.

Na sumukuvu si mchezo. Mwaka 2004 kule Kenya, Makueni, Kitui na jirani zake waliugua watu 317, wakafa 125, kwa mahindi ya kula nyumbani.

Upande wa pili, ushirikiano ukikaa sawa unaleta kitu. Tazameni Aflasafe, bidhaa ya kuzuia sumukuvu shambani. Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, na wenzao walichukua fangasi wa humu humu nchini wasiotoa sumu, wakawapaka kwenye mtama uliokaangwa. Mkulima anaumwaga shambani wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajachanua, wale fangasi wasio na sumu wanawahi nafasi, wenye sumu wanakuta pamejaa. Kuuzalisha hapa kwetu Tanzania wakapewa A to Z wa Arusha, wale wa vyandarua. Mtafiti hana kiwanda cha kukaanga mtama kwa tani, na mwenye kiwanda hajui fangasi yupi ni yupi.

Karibuni.

Mwenye mashine ya kusaga, Kibaigwa

Mwalimu, shikamoo. Nimekusoma hadi mwisho na naona umeanzia kwenye kidonda chako, sasa ngoja nikuonyeshe changu.

Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu na ya Uganda kwa ajili ya hiyo sumukuvu, mimi nilikuwa na lori mbili Namanga, mpakani. Zuio lilidumu siku chache tu, kisha wakaja na masharti, kila mzigo uwe na cheti kwamba uko chini ya hiyo 10 yako. Nikasema vema, nitafute wataalamu wanifundishe kupima hapa hapa gunia linaposhushwa, kabla sijalilipia. Nikaenda chuo kimoja nikiwa na fedha mfukoni. Wakanipokea vizuri, chai na karanga. Wakaniambia andika andiko. Mimi la saba, niandike andiko! Nikamlipa kijana akaniandikia. Wakasema kamati hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ilipokaa, ikataka andiko lirekebishwe. Huku ghalani fukusi wamehitimisha kazi. Mwishowe nilinunua kipima unyevu Kariakoo na nikajifunza kwa mpemba mmoja muuza nafaka kwamba mahindi yakizidi unyevu wa asilimia 13 na nusu nisiyaweke ndani. Huo ndio utafiti wangu.

Halafu unataka mkataba wangu ubandikwe hadharani. Jirani yangu naye ana mashine. Nikilipia utafiti wa namna ya kukausha mahindi kwa gharama ndogo, asome bure? Tozo ya ufundi stadi nalipa kwa kila mshahara, sijawahi kuona mwanachuo kaja kuniuliza nina shida gani. Hiyo ichukuliwe kipande iwe ndiyo nusu ya serikali, tusitozwe mara mbili.

Msomaji, Nakuru

Hujambo mwalimu, nami nichangie kutoka upande huu. Mnabishana juu ya nani atalipa, nami nauliza mali ni ya nani. Ziwa Bogoria, kaunti ya Baringo, si mbali na hapa. Maji yake ni magadi matupu, chemchemi zinachemka pembeni, heroe wamejaa. Mwaka 1992 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichota vijidudu kwenye magadi hayo. Ndani yake vikapatikana vimeng'enya ambavyo kampuni ya Genencor ilivigeuza biashara: vya kutia kwenye sabuni ya unga, na vya kupausha jinzi ionekane imechakaa. Hebu fikiria, hiyo suruali iliyopauka unayonunua soko la Gikomba, Nairobi, kwa bei ya mtumba, huenda upaukaji wake una asili Baringo.

Shirika letu la wanyamapori, KWS, lilikuja kulalamika hadharani mwaka 2004, miaka 12 baadaye, kwamba halikutoa idhini ya biashara wala halijaona mgawo. Na hao KWS nao si wenyewe wa awali. Waendorois, wenyeji wa pale, waliondolewa kandokando ya ziwa hilo miaka ya 1970, na mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ulisema wazi kwamba walidhulumiwa ardhi yao. Katika ule ushirikiano wa chuo na kampuni, jina lao liliandikwa ukurasa gani?

Kwa hivyo mimi naunga mkono kubandika mkataba, lakini ubandikwe kabla ya chupa kujazwa maji, na kwa lugha ambayo mzee wa pale Loboi, kando ya ziwa, anaisoma.

Mhasibu mstaafu wa serikali

Naomba kutofautiana na wote, kwa adabu zote.

Shilingi kwa shilingi ni wazo linalopendeza mdomoni. Nimekaa na vitabu vya serikali miaka 31, najua ahadi ya utafiti ikifika kwenye karatasi ya malipo inavyopungua. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Wenzetu Kenya walikwenda mbele zaidi, sheria yao ya sayansi ya 2013 inasema hazina iupe mfuko wa utafiti asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Muulizeni mtafiti yeyote wa Nairobi kama ameziona. Sasa kwenye hicho kidogo kinachopatikana, mnataka nusu ikasaidie wenye fedha tayari? Kampuni zenye uwezo wa kuweka milioni 30 ni zipi? Nyingi ni matawi, utafiti wao mkubwa unafanyika makao makuu ng'ambo, hapa wanataka kupimiwa sampuli. Kupima sampuli ni huduma, ilipiwe bei yake kamili.

Na fedha ya kampuni ina tabia ya kuvuta kiti. Berkeley, Marekani, chuo tajiri, mwaka 1998 idara moja ya mimea ilipokea ahadi ya dola milioni 25 kwa miaka 5 kutoka kampuni ya Novartis. Kampuni ikapata viti 2 kati ya 5 kwenye kamati ya kugawa fedha za utafiti, pamoja na haki ya kuwa wa kwanza kujadiliana leseni kwa sehemu ya uvumbuzi wa idara nzima, ukiwemo ambao haikuulipia. Kama Berkeley walikubali hayo, chuo chetu ambacho mashine imebandikwa karatasi "MBOVU" tangu mwaka juzi kitakataa nini?

Rekebisheni mashine kwanza. Mwajirini fundi wake. Mtu mwenye njaa hapatani bei.

Mkulima wa kahawa, Hai

Mzee mhasibu kanena, lakini kasahau kwamba kuna njia ya tatu na tunaiishi. Sisi wa kahawa tuna TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, hapa Lyamungo, tangu 2001. Wadau wa kahawa tunakatwa, fedha inakwenda kwenye utafiti wetu wenyewe, na wawakilishi wetu wamo kwenye bodi. Hakuna kampuni moja inayosema matokeo ni yangu.

Niwaonyeshe faida yake. Shamba la marehemu baba lilikuwa na aina za zamani, N39 na KP423, kahawa tamu, lakini mvua ikizidi ugonjwa wa chulebuni unaingia: punje changa inapata doa jeusi, linazama, buni inakauka mtini kama imechomwa pasi. Tulipuliza dawa mpaka mfereji wa migomba ulikuwa na rangi ya bluu. Miche mipya ya TaCRI inahimili chulebuni na kutu ya majani. Upande niliopanda hiyo, bomba la dawa limekuwa kiti cha kuku.

Kasoro zipo. Miche ilikuwa haitoshi, mtu anaandikisha jina anasubiri. Na mkulima mdogo anakatwa bila kuambiwa kiasi gani kimekwenda wapi. Ila bado ni afadhali kukatwa wengi kidogo kidogo kuliko kufadhiliwa na mmoja.

Mwanafunzi wa kisa

Mwalimu, shikamoo. Mimi ndiye yule kijana wa maghala manne. Sikutaka kuchangia, ila kisa umekikata kipande.

Kampuni haikutufunga mdomo peke yake. Mkataba ulipita kwa mwanasheria wa chuo, ukarudi na mhuri siku hiyo hiyo. Chuo kikachukua makato yake. Wewe ulilipwa, na mimi nilipata posho ya kwenda maghalani, nikanunua simu. Niliposema twende tukawaambie hata wakaguzi wa chakula, nilijibiwa kwamba tutapoteza mteja. Aliyesema hivyo hakuwa mtu wa kampuni. Daftari langu lilibaki droo ya pili kushoto, halikuchukuliwa na mtu. Sasa hazina ikiongeza nusu nyingine, si woga wa kupoteza mteja utakuwa mara mbili?

Mleta mada

Umesema kweli, mwanangu, na droo naikumbuka. Nilikuandikia barua ya kubadilisha mada kwa mkono wangu.

Basi nirekebishe hoja. Mzee mhasibu, nakubali kwamba kupima sampuli kulipiwe bei kamili na hazina isiguse. Shilingi kwa shilingi ibaki kwa tatizo ambalo wengi wanalo, kama kukausha mahindi, na kampuni isikae kwenye kamati ya kugawa. Ndugu wa Kibaigwa, siri yako ya biashara naielewa: ufungiwe miezi 6 au hata mwaka uitumie peke yako kabla hatujachapisha. Lakini matokeo yanayohusu sumu kwenye chakula yasifungiwe hata siku moja, awe kalipia nani. Yaende kwa mkaguzi siku yanapotoka, na sheria imlinde mwanafunzi atakayeyapeleka. Hapo sitalegeza.

Suala la Bogoria sina jibu lake kamili. Mkataba kubandikwa hautoshi kama mwenye ziwa hakualikwa mezani.

Mwenye mashine ya kusaga, Kibaigwa

Mwalimu, mwaka mmoja wa siri unanitosha. Hilo la sumu limenikaa vibaya kidogo, maana mkaguzi akija kwangu haangalii kwamba mimi ndiye niliyeomba kupimwa, anafunga mlango kwa kufuli. Liandikeni vizuri: anayejipeleka mwenyewe apewe muda wa kutoa mzigo mbovu kabla hajaaibishwa. La sivyo hakuna mwenye ghala atakayewafungulia.

Mengine nakubali. Niletee mkataba wa kurasa mbili, kwa Kiswahili, hakuna andiko. Mahindi huku yanaanza kushuka Mei. Ukiuleta Agosti nitafungia karanga.