Mjadala: Chemchemi ikifungwa, ukionyeshwa njia ya nyuma utapita?

Nahodha_Likoni
Asalaam aleikum kwa wa salamu hiyo, na wengine hamjambo. Kikundi chetu cha matembezi kinapanga kwenda ziwa Bogoria, kule Baringo, likizo ya Desemba kuona maji moto. Mnaofuatilia mnajua ziwa lile limekuwa likipanda miaka hii yote, na 2020 likafanya kweli: geti la Loboi likaingia majini, kipande cha lami ya kwendea Loburu penye chemchemi kikaingia majini, na chemchemi nyingi zilizokuwa zikirusha maji juu zikafunikwa. Tangu hapo njia inategemea ziwa limeamkaje. Leo wazi, kesho utepe.

Sasa kuna mtu katika kikundi anasema tusiwe na wasiwasi, hata wakifunga kuna vijana wa huko watatupitisha nyuma ya kilima, tuwape chochote. Nusu ya watu wamefurahi, nusu wamenuna. Mimi nasema palipofungwa pamefungwa. Nyinyi mnaonaje? Ni ujanja au ni wazimu?

BintiMajengo
Wazimu. Hell's Gate, ile hifadhi ya Naivasha, hamkusikia? Septemba 2019 watu walishuka kwenye lile korongo jua likiwaka, mvua ikanyesha mbali huko juu ambako hawaioni, maji yakawajia. Saba walikufa, pamoja na aliyekuwa akiwatembeza. Na kabla yake, 2012, vijana wa kanisa, saba vilevile, korongo lilelile. Na pale pia watu hufuata maji moto yanayochuruzika kwenye kuta za mawe. Kwa hivyo mkiambiwa pamefungwa, kaeni nyumbani mle mahamri.

Bamburi_Mtulivu
Mimi nina swali dogo tu, msinipige. Mombasa hii jasho halikauki hata saa nane za usiku. Mtu atoke hapa, avuke Mtito, avuke Nairobi, apite Nakuru, ashuke Marigat kwenye joto lingine, akaangalie maji MOTO? Si afungue bomba adhuhuri tu, tangi la juu ya paa limeshachemka.

Kisauni_Kwetu
Bomba lipi, bwana? Hebu rudia. Bomba lipi?

Bamburi_Mtulivu
Nilikuwa natania.

Kisauni_Kwetu
Unatania kwa sababu kwako kuna kisima na pampu. Huku kwetu bomba lipo kama pambo la ukutani. Ukilifungua linapuliza hewa, fyuuu, halafu linakohoa kutu kidogo. Maji yetu yanakuja kwa mkokoteni, mitungi ya lita 20 imepangwa kama askari, na siku ambayo mwenye mkokoteni ameenda harusini mtaa mzima tunaswali kwa kutayamamu. Sasa mtu anakuja kutuambia eti fungua bomba adhuhuri.

BintiMajengo
Haya, mjadala umeshakwenda. Kwaheri Bogoria.

Mzee_wa_Tononoka
Wacha uende, jambo lenyewe ni kubwa. Wajukuu zangu, mji huu hauna chemchemi yake hata moja ya kutegemea. Maji yetu yote ni ya kuletewa: Mzima kule Tsavo Magharibi, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere kwa milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Bomba la Mzima tulilikuta tukiwa watoto, la zamani za mkoloni, zaidi ya kilomita mia mbili linatambaa hadi hapa. Tangu siku hizo watu wameongezeka mara ngapi? Bomba ni lilelile. Kule Mwache wanajenga bwawa, tunaambiwa tusubiri. Tunasubiri.

Voi_Juu
Mzee, kwa heshima yako, shikamoo. Lakini mimi nikiona mtu wa Mombasa analia juu ya maji ya Mzima, damu inanichemka kuliko hiyo Bogoria yenu. Mzima iko Taita Taveta. Maji yanatoka kwetu, yanapita kwetu ndani ya bomba, tunayasikia yakienda. Na sisi hapo pembeni tunanunua maji kwa punda! Miaka nenda miaka rudi viongozi wetu wanaulizia fungu letu. Nyinyi mnakohoa kutu, sisi hata hiyo kutu hatujaiona.

Kisauni_Kwetu
Sasa mimi wa Kisauni ndiye niliyelaza bomba? Kamlilie aliyelilaza.

Voi_Juu
Sijasema wewe. Nimesema mnapolia, mjue mnalilia cha mwenzenu.

Kisauni_Kwetu
"Cha mwenzenu." Maji ya Mungu yamekuwa cha mwenzenu. Mvua inanyesha milima ya Chyulu, inazama kwenye mawe, inatokea Mzima. Chyulu nayo ni ya Taita? Ulizeni watu wa Makueni kama hawana neno.

Bamburi_Mtulivu
Naomba radhi kwa wote kwa kulitaja bomba.

Mjukuu_wa_Loboi
Nimesoma kimya, lakini hapo kwa "maji ya Mungu" nimeona niseme. Mimi ni Mwendorois, kazi iko Changamwe, kwetu ni huko mnakotaka kwenda kutembea.

Nahodha anauliza kama ni sawa kupita palipofungwa. Basi ngoja niwaambie kuhusu kufungiwa. Wazee wetu waliondolewa kando ya ziwa hilo miaka ya sabini ili pawe hifadhi ya wanyama. Pale ndipo walipokuwa wakilamba chumvi ng'ombe, ndipo palipokuwa na matambiko, ndipo waliponywesha. Wakaambiwa nje. Kesi ikazunguka hapa nyumbani bila mafanikio, ikapelekwa mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na 2010 ikatangazwa kwamba sisi ndio wenye haki, kwamba Kenya iturudishie ardhi na itulipe fidia. Uamuzi wenyewe ulisifiwa dunia nzima. 2011 UNESCO nayo ikaliweka ziwa kwenye orodha yake ya urithi wa dunia, pamoja na Nakuru na Elementaita. Makaratasi mazuri tunayo. Kutekelezwa bado tunadai.

Kwa hivyo kijana wa kwetu akikuambia "njoo nikupitishe nyuma ya kilima", usimwone mhuni. Kilima hicho babu yake alikuwa akichungia.

Nahodha_Likoni
Ahsante, ndugu yangu. Kwa hivyo unasema tupite?

Mjukuu_wa_Loboi
Sikusema mpite. Nimesema msimwone mhuni.

BintiMajengo
Hilo si jibu, kaka. Historia nimeielewa na dhuluma nimeiona. Lakini maji yanayochemka hayajui kesi imeamuliwa vipi. Ziwa likipanda linafunika chemchemi, likishuka linaacha ukoko mweupe wa chumvi unaoonekana mgumu, chini yake uji wa moto. Mgeni anayetoka Majengo atajua wapi pa kukanyaga? Huyo kijana mwenyewe alijifunza njia wakati ziwa liko mbali. Sasa ufuko umehama, mashimo mengine yamefunguka mahali pengine. Haki ya babu yake haimwonyeshi ni wapi ardhi imelainika juzi.

Mjukuu_wa_Loboi
Na renja aliyetumwa kutoka mjini anaonyeshwa na nani? Anaonyeshwa na huyohuyo kijana. Dada, mimi nimekulia pale. Tulikuwa tunachemsha mayai pale tukiwa wadogo, unayafunga kwenye kitambaa, unayaning'iniza kwa kijiti kirefu, unarudi nyuma kwa sababu mvuke hugeuka na upepo. Tunajua. Lakini haya, nakubali mgeni hajui.

Mtaalamu_Mikindani
Watu wanaongea kama ziwa limepanda kwa miujiza. Serikali ilitoa ripoti 2021 kuhusu maziwa ya Bonde la Ufa, Baringo, Bogoria, Naivasha, Turkana, yote yalipanda pamoja, na sababu kubwa iliyotajwa ni mvua kuongezeka, na matope kutoka milima iliyokatwa miti. Wengine wanasema ardhi chini inasukumana. Hofu kubwa ilikuwa Baringo lenye maji yasiyo na chumvi lije likutane na Bogoria lenye magadi. Hapo ndipo flamingo wangeenda na maji, maana wanakula ule mwani wa kijani unaoota kwenye magadi, maji yakichujuka chakula kinapungua.

Kisauni_Kwetu
Flamingo wanajua kuhama. Sisi tutahamia wapi?

Mtaalamu_Mikindani
Ndugu, tulikuwa Bogoria.

Kisauni_Kwetu
Mimi nilikuwa Kisauni tangu mwanzo, nyinyi ndio mnaozunguka.

Mama_Diani
Mnanichekesha. Maji moto mnayafuata Baringo na yako hapa Kwale? Upande wa Mwananyamala, huko kwa mlima Jombo, kuna chemchemi ya moto, na watu wa serikali wa nishati ya mvuke walishakuja kuchunguza. Haina geti, haina tiketi, haina utepe. Unavuka feri, unapanda gari la Lunga Lunga, unakata ndani.

Nahodha_Likoni
Mama, inaruka juu?

Mama_Diani
Kuruka hairuki. Iko tu pale, ya moto.

Bamburi_Mtulivu
Niliahidi nisitaje bomba tena kwa hivyo nanyamaza.

Voi_Juu
Mtu wa Mombasa akiona cha jirani ni kizuri, chake ni "iko tu pale". Hivyohivyo na Mzima. Mzima ina kile chumba cha chini ya maji, unaingia unatazama samaki na viboko kwa kioo. Ni wangapi hapa mmewahi kufika kuona maji mnayokunywa yanatoka wapi? Mtapita Voi usiku na matatu yenu mkielekea Bogoria, mmelala vinywa wazi.

Mzee_wa_Tononoka
Hapo umetupata. Mimi mwenyewe sijafika.

BintiMajengo
Turudi kwa swali kabla halijaoza. Nahodha aliuliza kuhusu njia ya nyuma. Mimi naona kuna jambo lingine limejificha: hicho "chochote" cha kuwapa vijana. Mkipita getini, kiingilio kinaingia kaunti ya Baringo, na kwa jina angalau sehemu yake ni ya wenyeji. Mkipita nyuma, mnamlipa mmoja na mnamvunjia geti mwenzake. Siku mtu akiungua, watafunga sehemu yote, si hapo palipozama tu. Atakayekula hasara si nyinyi, nyinyi mtakuwa mmesharudi Mombasa mnaweka picha.

Mjukuu_wa_Loboi
"Kwa jina angalau." Umesema mwenyewe, mimi siongezi.

Mtaalamu_Mikindani
Lakini hoja yake ni ya kweli. Hell's Gate baada ya 2019 korongo lilifungwa, na waliokosa kazi ni wale wale waliokuwa wakitembeza watu, siyo waliokufa wala walioandika habari.

Mjukuu_wa_Loboi
Kwa hivyo suluhisho ni lipi? Wakifunga, kijana akae tu? Ziwa lilichukua mashamba, lilichukua shule, lilichukua zahanati, hakuna utepe uliowekwa kulizuia. Utepe unawekwa mtu akitaka kupata mia mbili ya unga.

Kisauni_Kwetu
Huyu ndiye mtu wangu katika mjadala huu.

Voi_Juu
Bila shaka. Nyote mnalia, hakuna anayelipa.

Kisauni_Kwetu
Nilipe nini, Voi? Taja. Nilipe hewa iliyotoka kwenye bomba?

Voi_Juu
Lipa heshima kwanza.

Mama_Diani
Watoto hawa wawili wakutanishwe Mariakani, katikati, wapigane wamalize.

Nahodha_Likoni
Jamani. Nafunga upande wangu. Nimeongea na mwenzetu wa Loboi pembeni, ametushauri hivi: tulale Marigat, asubuhi tuulize getini njia ikoje siku hiyo, tuchukue mwenyeji anayetambulika pale getini ili vijana nao wapate, na kama Loburu imezama basi tutazame kwa mbali, mvuke unaonekana hata hivyo. Ikishindikana kabisa tuelekee Kampi ya Samaki, tupande mashua Baringo. Atakayetaka njia ya nyuma ya kilima, ashukie Marigat na mzigo wake, na asinisubirishe gari jioni.

Njia_ya_Panya_01
Mimi ndiye niliyesema kuhusu hiyo njia na mmenisema kutwa nzima bila kuniuliza. Binamu yangu ameshapita huko na amerudi salama. Halafu, Nahodha, gari ni lako?

Nahodha_Likoni
Limekodiwa kwa jina langu na kitambulisho changu. Wewe hata nauli ya kwenda bado hujatuma.