Naomba ushauri: estradioli na usafirishaji wa serotonini kwenye ubongo wa panya

Habari zenu wakuu. Mliowahi kufanya kazi ya maabara kwenye ubongo, naombeni msaada.

Napima kasi ambayo vibebaji (protini za kwenye utando wa seli) huirudisha serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva, ndani ya ncha za neva. Nasaga ubongo wa panya kwenye sukrosi ya molari 0.32 iliyo baridi kama barafu, natenga sinaptosomu (ncha za neva zilizokatika na kujifunga zenyewe), kisha naziweka pamoja na serotonini yenye tritiamu (hidrojeni yenye mionzi, ili niweze kuipima) kwenye nyuzi 37. Sampuli nyingine hubaki kwenye barafu, ambako vibebaji karibu vinasimama, nami kiasi kinachopimwa humo nakiondoa kwenye hesabu.

Kwa madume matokeo yametulia. Kwa majike yanapishana mno siku hadi siku, mpaka nakosa usingizi. Nahisi ni mzunguko wao wa uzazi wa siku 4 hadi 5, estradioli (homoni ya kike itokayo kwenye ovari) ikipanda na kushuka. Je, nisome hatua ya mzunguko kwa kuchunguza seli za uke kila asubuhi, au niwatoe ovari kisha niwape homoni kwa kipimo? Upasuaji unawaumiza, na sitaki kuufanya bila sababu ya kutosha.

Tena, estradioli naiyeyusha kwa ethanoli. Sampuli za ulinganisho nazipa ethanoli kiasi kilekile. Inatosha?