Spika za Baba zimekuja bila kiboksi

Idi: Asalaam aleikum familia, spika za Baba zimepatikana 🙌 Bose 901 zilezile anazozisimuliaga, nimezitoa kwa muuza mtumba wa kontena la Uingereza, laki tisa jozi, mbao haina hata mkwaruzo

Rehema Leicester: Waaleikum salaam, mashallah kaka!! Baba kasemaje

Idi: bado sijampelekea, nimezijaribu hapa kwangu nimeishiwa nguvu. Nimeweka Mbaraka Mwinshehe, gitaa lile kama limefunikwa godoro, besi hamna, sauti nyembamba za juu hamna, katikati tu ndo panapiga kelele. Mjomba shikamoo, naomba unisaidie

Mjomba Hemedi: Marahaba. Umepewa na kiboksi chake?

Idi: kiboksi gani mjomba? nimepewa spika mbili na waya

Mjomba Hemedi: Basi ndo hilo. 901 haikuwa inauzwa spika tupu mwanangu. Kila moja ina vispika tisa vya inchi 4 na nusu, vinane vinatazama ukutani kimoja tu kinamtazama msikilizaji, hakuna wufa ya besi hakuna twita ya sauti za juu, kwa hiyo lazima iwepo ikwalaiza yake inayonyanyua besi na zile sauti za juu kabla muziki haujaingia kwenye amplifaya. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni, alizitoa hivyo tangu 1968. Bila hicho kiboksi umenunua nusu mali

Idi: nikizungusha besi ya amplifaya mpaka mwisho je

Mjomba Hemedi: Haifiki huko, utaitesa bure amplifaya ya watu. Geuza spika nyuma usome lebo, ni Series ngapi, yaani toleo la ngapi?

Idi: IV

Mjomba Hemedi: Sawa. Usikubali kuletewa kiboksi chochote tu kisa kimeandikwa 901. I na II ni maboksi yaliyozibwa, kuanzia III yakawekwa matundu ya hewa na vispika vyenyewe vikabadilishwa, kwa hiyo ikwalaiza ya II hapo haikai. Halafu toa kitambaa cha mbele ugusie sponji inayozunguka koni, taratibu, ikibaki unga kidoleni imeoza

Idi: haijaoza, inanepa vizuri

Mjomba Hemedi: Alhamdulillah. Sasa pima ohm kwa mita kwenye vichwa vya waya. Vyote tisa vimeungwa mfululizo, kimoja kikikatika boksi zima linanyamaza

Idi: moja ohm 7, nyingine 7 na kidogo

Mjomba Hemedi: Nzima hizo. Tena nakwambia una bahati

Mama Nasra: Huyo muuzaji alijua ana mali pungufu akanyamaza?? Idi rudi kesho, usiende kwa ugomvi lakini usirudi mikono mitupu, laki tisa si hela ya kuokota

Rehema Leicester: nimeipata huku, ikwalaiza ya Series IV, pauni 110, mwenyewe kanitumia video inawaka. Mjomba umeme wake vipi

Mjomba Hemedi: Soma nyuma, ikiandikwa volti 240 chukua. Za Marekani ni 120, hizo zingetaka transfoma

Rehema Leicester: 240 ✅ nachukua

Idi: amplifaya ya Baba haina zile tundu za tepu ambako ikwalaiza huungwa, tutaiunga wapi?

Mjomba Hemedi: Baba muziki anaupigia kwenye simu tu siku hizi, kwa hiyo simu iingie kwenye kiboksi, kiboksi kiingie tundu la AUX la amplifaya. Rehema weka na waya za RCA jozi mbili, moja iwe na kichwa cha kuingia kwenye simu. Na mkifika sebuleni kwake msizibandike ukutani kama kabati, ziachieni futi moja na nusu hivi nyuma, muziki wake unagonga ukuta kwanza ndo unakuja kwako

Idi (kesho yake): nimetoka kwa muuzaji, nimempigia muziki palepale akasikia mwenyewe, karudisha laki mbili na nusu. Anasema kontena lilipofunguliwa vitu vidogo vyote viliuzwa kwa fungu, kiboksi hajui kimeenda na nani

Mama Nasra: Afadhali. Baba kashapiga simu mara mbili anaulizia mzigo wake, nimemwambia uko njiani. Rehema kinafika lini?

Rehema Leicester: shangazi anaruka Ijumaa, nimekifunga ndani ya kitenge kwenye begi la mkononi, kisipite kwenye mizigo ya chini

Idi: nitakuwa eapoti kabla ndege haijatua