Tupeane uzoefu: kuku wa nyumbani anayechechemea, nyayo na miguu (Dodoma na Kanda ya Kati)

Kuchi wa Kizota (mwenye uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa wenye kuku ambao kisu hakiwahusu: jogoo la kuchi (aina ya kuku wa kienyeji) la miaka minne, tetea aliyeacha kutaga lakini ana jina na watoto wanamjua. Kuku wa biashara akichechemea dawa yake ni supu. Huyu wa kwetu anautaka mguu wake. Weka tatizo, linatambulikaje, hatua zake, na wapi watu wanaharibu.

Naanza na uchunguzi. Mkamate jioni akiwa amelala, mfunge kwa kitambaa cha kanga mabawa yasipige, mkague kwa tochi kutoka chini kwenda juu: unyayo, katikati ya vidole, magamba, kiungo kile tunachokiita goti, kisha paja. Linganisha na mguu mzima. Weka kidole chako unyayoni: kuku mzima hukishika. Asiyeshika kabisa, tatizo huenda liko kwenye neva, na hapo kupaka mafuta ni kazi bure. Usimlaze chali muda mrefu, anakosa pumzi.

Mbigili Nyingi, Nkuhungu

Jipu la unyayo. Hapa kwetu sababu zinaokotwa uani: mbigili, miiba ya migunga, kokoto, misumari na vipande vya waya, maana Dodoma ya sasa kila mtaa ni saiti. Ngozi ikitobolewa, bakteria aitwaye Staphylococcus aureus anaingia, unyayo unavimba na katikati panatokea kigaga cheusi cha mviringo. Sababu ya pili watu hawaioni: fito ya kulalia iliyo juu mno. Kuku wa kilo tatu na nusu akiruka kila asubuhi kutoka mita moja na nusu hadi kwenye saruji, unyayo unapondeka bila mwiba wowote.

Vifaa: beseni, lita 2 za maji ya vuguvugu, vijiko 2 vya chakula vya chumvi ya Epsom, iodini, gozi (kitambaa chepesi cha kufunika kidonda), bandeji, plasta ya kitambaa, kibanio na glovu. Glovu si mapambo, bakteria huyo anamshika na binadamu.

Loweka mguu dakika 15. Kigaga kikilainika kibandue taratibu kuanzia pembeni. Sasa watu hukamua wakisubiri usaha utiririke. Usaha wa kuku hautiririki. Chembe nyeupe za damu yake hazina kimeng'enya cha kuuyeyusha, kwa hiyo unaganda na kuwa mgumu kama ukoko. Unavutwa kwa kibanio, kipande kwa kipande. Ukikamua kwa nguvu unausukuma ndani kwenye kano. Osha tundu kwa maji ya chumvi (nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai kisichojaa cha chumvi ya jikoni). Paka iodini iliyozimuliwa mpaka ifanane na chai ya rangi isiyokolea. Weka gozi iliyokunjwa, zungusha bandeji ipite katikati ya vidole na kumalizia juu kidogo ya kifundo. Vidole vikivimba au kupoa, umekaza mno. Badili kila siku kwa siku 3, kisha siku moja moja ukiruka, mpaka ngozi mpya ifunge. Hesabu wiki 2 hadi 4, na muda huo asikanyage vumbi.

Fundi Banda, Ipagala

Mkuu hapo juu umesema kweli, ila si kila kigaga cha kubandua. Unyayo mwekundu wenye kidoa kidogo na hakuna uvimbe, usichimbe. Loweka, iodini, mafuta ya mgando, badili sakafu, basi. Wanaokimbilia wembe wanafungua mlango ambao ulikuwa umejifunga. Upande wa pili: uvimbe ukitokeza juu, kati ya vidole, au goti likiwa la moto, hiyo si kazi ya beseni tena, maambukizi yanaweza kuwa yamefika kwenye mfupa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Na ile tabia ya kununua oksitetra (antibiotiki) na kumimina kwenye maji ya kunywa kwa sababu ya jipu moja, tuache. Dawa haipenyi vizuri ndani ya donge lililoganda. Tena kama anataga, mayai hayaliwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye kibandiko ziishe.

Fito: mbao ya inchi 2x2 iliyopigwa randa, kingo zimelainishwa, urefu kutoka chini sentimita 30 hadi 45 kwa kuku wazito, nafasi ya sentimita 25 kwa kila kuku. Chini mwaga maranda, au maganda ya mpunga kutoka Bahi, unene wa sentimita 10. Yakilowa toa, unyevu unalainisha ngozi ya unyayo na mwiba unaingia kirahisi.

Mama Alizeti, Kibaigwa

Magamba yaliyonyanyuka, miguu minene yenye ungaunga mweupe kama chokaa: huyo ni mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, anachimba chini ya magamba na kuzaliana humo. Tafadhali wekeni mbali mafuta ya taa na oili chafu ya gari. Yanaua mdudu na kuunguza ngozi, na kuku akijidonoa anayameza.

Loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni dakika 10, sugua kwa mswaki wa zamani kufuata magamba yanavyolala, kausha, paka mafuta ya alizeti mpaka yaingie kwenye kila ufa, kisha mafuta ya mgando juu yake. Kinachomuua mdudu ni kukosa hewa. Rudia kila baada ya siku 3 kwa wiki 4, kwa sababu mayai yanaendelea kuanguliwa. Usibandue gamba lililoshika, litatoka damu. Paka kuku wote hata wenye miguu safi, na fito zipige maji ya moto. Watu wanaacha wiki ya pili wakiona miguu imeng'aa, mwezi ujao wanarudi palepale.

Mgeni Jijini

Kifaranga wa siku tatu, miguu imetanuka kushoto na kulia kama mtu aliyeteleza. Na mwenzake vidole vimejikunja ndani kama ngumi. Dawa ni moja?

Fundi Banda, Ipagala

Si moja. Wa kwanza amekulia kwenye gazeti au boksi linaloteleza. Mfunge miguu yote kwa kipande chembamba cha plasta, iachane kama sentimita 2 hadi 2.5, siku 3 hadi 5, juu ya kitambaa chenye ukwaruzo. Ukichelewa wiki mbili haishiki tena.

Wa pili anakosa vitamini B2. Mpe vitamini za kuku zenye B kwenye maji, kipimo cha kwenye pakiti, na maini yaliyochemshwa kidogo. Akiwahiwa, mara nyingi hupona. Vifaranga wanaolelewa kwa pumba na mtama mtupu ndio wanaoangukia hapa. Na msiwape chakula cha kuku wa mayai: kina kalsiamu mara tatu nne ya wanachohitaji, figo zinaharibika.

Mbigili Nyingi, Nkuhungu

Niongeze wa neva. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, umri wa miezi miwili hadi mitano, anakula vizuri tu: mshuku Marek. Ni kirusi, hakina tiba, na chanjo yake hutolewa siku ya kwanza baada ya kuanguliwa. Wengi wakilegea kwa pamoja, kinyesi cha kijani, shingo imepinda, mshuku mdondo (Newcastle). Chanjo ya matone ya jicho, ile ya I-2, inarudiwa kila miezi mitatu.

Kuchi wa Kizota (mwenye uzi)

Na asiyesimama kabisa? Shona kitambaa chenye matundu mawili ya miguu na moja la kinyesi, kitundike juu ya ndoo iliyokatwa, vidole viguse chini kidogo. Saa moja au mbili, mara tatu kwa siku, chakula na maji usawa wa kidari. Muda mwingine alale kwenye maranda makavu na umgeuze upande, la sivyo kidari kinachubuka. Kwa joto la Oktoba hapa kwetu, maji yakikosekana nusu siku tu unaweza kumpoteza. Mpime uzito kila wiki. Akipungua wiki mbili mfululizo na hataki kula, zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kumpumzisha.

Mpunga wa Bahi

Kabla hamjafunga: masika huku udongo mfinyanzi unaganda kwenye ncha za vidole, donge gumu kama kokoto. Msilivute wala kuligonga, linatoka na kucha. Maji ya vuguvugu nusu saa, libomoe kwa vidole kidogo kidogo.