Kufika kambini na motohomu: kipi kianze, kipi kifuate

Salaam ndugu zangu,

Mwezi ujao tunakodi motohomu, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, kwa mara ya pili, mimi, mume wangu na watoto wawili. Mara ya kwanza ilituchukua karibu saa mbili tangu kufika kambini mpaka kukaa chini. Tuliingia jioni, kila mtu akashika lake, na tulipomaliza tukagundua gari limeinama kiasi kwamba mlango wa choo haukai wazi, unajifunga wenyewe. Ikabidi tuchomoe kila kitu tuanze upya, giza limeshaingia na watoto wana njaa. Wazee wawili waliofika baada yetu walikuwa wameshaketi kwenye viti vyao ndani ya dakika ishirini.

Mliozoea safari hizi, naomba mnieleze: mnaanza na nini, na nani anafanya nini? Mume wangu naye anauliza habari ya umeme. Usiku ule ulikatika mara tatu.

*

Dada yangu,

Pole kwa usiku ule. Sisi huu ni mwaka wetu wa saba na motohomu, na makosa yenu yote tumeyafanya, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu.

Wale wazee hawakuwa na mikono myepesi kuwashinda nyinyi. Walijua tu kipi kinatangulia. Ukiangalia, kazi za kambini ni za aina mbili: zile zinazolisogeza gari na zile zinazolifunga mahali. Zinazolisogeza ziishe zote kwanza. Ukishachomeka waya, ukaunga mpira wa maji na kufungua turubai la kivuli la ubavuni, gari haligusiki tena, na hata sentimita kumi za kulisogeza zitakugharimu nusu saa.

Kwa hiyo mkifika msiingie moja kwa moja na gari. Simamisheni pembeni, mshuke wawili mtembee kwenye kiwanja mlichopewa. Dakika tatu zinatosha. Tazama nguzo ya umeme, ile fupi ya kambi yenye soketi ya kuchomekea waya, iko wapi na soketi ya gari lenu iko ubavu gani. Tazama juu, kama kuna tawi litakalokwaruza paa au kuzuia madirisha ya juu kufunguka. Tazama chini, kama kuna bonde dogo ambalo mvua ikinyesha maji yatakusanyika hapo. Mlango wa gari utafungukia wapi, kwenye nafasi yenu au kwenye meza ya jirani? Na kama ni majani mabichi, kumbuka motohomu nyingi huvutwa na tairi za mbele, nazo huteleza upesi. Afadhali uingie kwa rivasi, tairi za mbele zibaki upande wa njia, ili siku ya kuondoka zianzie kwenye ardhi ngumu.

Wakati wa rivasi, mmoja anaongoza kutoka nje. Kanuni yetu ni moja na hatuivunji: dereva asipomwona mwongozaji kwenye kioo cha pembeni, anasimama papo hapo. Maneno ya kupigiana kelele hayafai, maana injini inayameza. Tunatumia mikono, na mikono miwili ikiinuliwa juu maana yake simama. Watoto wanakaa ndani wamefunga mikanda mpaka injini izimwe.

Sasa usawa, ambao ndio uliowasumbua. Weka pimamaji, kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa, sakafuni, karibu na katikati ya gari, mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana. Usiiweke mezani, meza nyingi za motohomu zenyewe haziko sawa. Ukijua upande ulioko chini, weka vibao vya kupandia, vile vya mshazari vya kuinulia tairi, mbele ya tairi za upande huo, dereva apande polepole, mwongozaji aangalie, kisha breki ya mkono na kabari nyuma ya tairi. Zile nguzo ndogo za kwenye pembe za gari ni za kuzuia lisitikisike watu wanapotembea ndani. Si jeki. Ukijaribu kuliinua gari kwa hizo, utazipinda.

Watu hudhani usawa ni suala la starehe ya kulala tu. Lipo, na kama huwezi kupata usawa kamili basi hakikisha kichwa kinakuwa juu kuliko miguu. Lakini lipo la friji pia. Motohomu nyingi zina friji inayotumia gesi, umeme wa nguzo au betri, na friji ya namna hiyo haina kompresa, ile mashine inayovuma nyuma ya friji za nyumbani. Ndani yake amonia huchemshwa na kurudi chini kwa uzito wake yenyewe. Gari likiinama sana, kimiminika kinatuama mahali pasipotakiwa na friji inaacha kupoza, hata kama taa yake inawaka. Magari mapya mengine yana friji za kompresa, na hizo hazijali sana mwinamo. Uliza yenu ni ipi. Kama ni ya gesi, iwashe saa nyingi kabla ya safari, maana hupoza taratibu.

Gari likishatulia, ndipo mnagawana kazi. Kwetu mimi niko nje na mwenzangu yuko ndani. Nje ni waya, maji, ngazi ya mlangoni. Ndani ni kuhamisha friji kutoka betri kwenda umeme au gesi, kufungua madirisha, kutoa vitu kabatini. Hatuulizani, hatupishani mlangoni.

Na hili lilituokolea muda kuliko yote: vifaa vya nje tunavipanga kwenye boksi la nyuma kinyume cha vinavyohitajika. Vibao vya kupandia na kabari viko juu kabisa. Chini yake waya, kisha mipira ya maji, na turubai na viti viko chini mwisho. Zamani tulikuwa tunatoa viti na meza nje kwenye matope ili kufikia vibao. Sasa mkono wa kwanza ukiingia, unatoka na kile kinachotakiwa kwanza.

Kuhusu umeme, mwambie shemeji afanye hesabu hii. Volti mara ampea ndiyo wati ulizo nazo. Kwenye nchi za volti 230, nguzo ya ampea 6 inakupa wati 1,380 tu, ya ampea 10 inakupa 2,300, na ya ampea 16 inakupa 3,680. Birika la umeme la nyumbani peke yake linaweza kula wati 2,000 hadi 3,000. Kwa hiyo kwenye nguzo ya ampea 6, ukiliwasha tu breka inajikata. Na hata kwenye ampea 16, hita ya chumba, hita ya maji na birika vikikutana, umeme unaondoka. Nadhani ndicho kilichowapata usiku, hita ilikuwa inajiwasha yenyewe na kukuta kitu kingine kinakula. Chemsha maji kwa gesi, umeme uwaachie friji, taa na chaja. Unapofika, uliza mapokezi nguzo ni ya ampea ngapi kabla hujachomeka chochote.

Waya uchomeke kwenye gari kwanza, kisha kwenye nguzo. Kuondoka ni kinyume, nguzo kwanza. Hivyo hushiki kamwe ncha yenye umeme mkononi. Na uukunjue wote, hata kama nguzo iko hatua tatu. Mwaka wetu wa kwanza niliuacha umezungushwa kwenye gurudumu lake kwa sababu ulikuwa mrefu mno. Saa moja baadaye nilipita nikasikia harufu ya plastiki. Nikaweka kiganja pale katikati, nikautoa haraka. Mizunguko ya ndani ilikuwa moto kama pasi na ngozi ya waya imeanza kulainika. Waya uliozungushwa hauna pa kutolea joto. Siku hizi naulaza chini ya gari kwa mikunjo mipana, na pale unapoingia kwenye soketi naacha uning'inie kidogo kama tumbo, ili maji ya mvua yadondoke chini yasifuate waya mpaka ndani.

Mwisho, bonyeza kile kitufe cha majaribio kwenye sanduku la breka ndani ya gari. Kikikata umeme, kinafanya kazi. Kisipokata, chomoa na uite waliokukodisha.

Maji nawaachia wengine, nimeandika mengi.

*

Mimi nachukua maji.

Kaka amesema vizuri yote. Naongeza hivi: lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 100 likijaa ni uzito wa mtu mzima mnene unaombeba barabarani bure. Sisi tunasafiri na maji ya kutosha choo na kunawa tu, tunajaza kambini.

Kabla ya kujaza, acha bomba lao litiririke kidogo bila mpira. Mpira wa maji ya kunywa uwe wake peke yake, rangi yake ya kipekee, na usikutane hata siku moja na wa choo. Kambi nyingi zina bomba la pili karibu na mahali pa kumwagia choo. Hilo ni la kusuuzia tu, usilichote hata kama foleni ya lile jingine ni ndefu.

Ukishajaza, washa pampu, fungua mabomba yote ya ndani moja moja mpaka yaache kutema hewa, yale ya moto pia. Ndipo uwashe hita ya maji. Hita ikiwashwa tupu inaharibika.

Sasa sikiliza pampu. Hii ni alama ambayo hakuna aliyeniambia. Mabomba yakifungwa, pampu inapaswa kunyamaza kabisa. Usiku mmoja niliisikia ikigutuka, trr, kisha kimya, dakika chache tena trr. Nilidhani ndivyo ilivyo. Asubuhi zulia lilikuwa limelowa chini ya sinki, kiungo kimoja kilikuwa kinavuja tone kwa tone na kila presha ikishuka pampu inaamka. Tangu hapo nikimaliza kujaza nakaa kimya dakika mbili nzima nikisikiliza, na usiku nazima pampu.

Chini ya gari weka ndoo ya maji machafu mapema, kabla mtu hajanawa mikono.

Choo kinategemea aina. Kile chenye kaseti, yaani tangi dogo la kuchomoa na kwenda kumwaga, weka dawa na maji kidogo mara tu mnapofika, si baada ya kutumika. Kwa mlio Marekani na Kanada, magari makubwa yana tangi la choo lenye vali na mpira unaoungwa ardhini. Watu huiacha vali wazi wakidhani wanarahisisha. Msifanye hivyo. Maji yanakimbia, vizito vinabaki vinakauka humo. Ifungeni mpaka tangi likaribie kujaa, kisha mfungue la choo kwanza, halafu la maji ya kunawia liusafishe mpira. Na glavu, tafadhali.

*

Fupi tu kuhusu gesi, kwa wanaosafiri msimu wa baridi. Butani inaacha kugeuka mvuke joto linapokaribia nyuzi 0, kwa hiyo mtungi unaweza kuwa umejaa na jiko lisiwake. Propani inaendelea mpaka karibu nyuzi 42 chini ya sifuri. Uliza mtungi wenu una ipi. Na turubai la kando lisizibe bomba la moshi wa hita wala matundu ya friji ukutani. King'ora cha hewa ya sumu kijaribuni kabla ya usiku wa kwanza.

*

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemsomea mume wangu yote, na kweli usiku ule hita ilikuwa imewashwa tukaongeza birika. Maswali mawili. Turubai tulifungua mara tukashindwa na upepo, je lina wakati wake? Na kuondoka kwenu mnafuataje, maana sisi tulitoka na ngazi ya mlangoni ikiwa nje.

*

Dada, turubai ni la mwisho kabisa, baada ya kila kitu, na si lazima. Kama mnalala usiku mmoja liacheni. Mkilifungua, kona moja iwe chini kuliko nyingine ili mvua ipate pa kutokea, vinginevyo maji yanajikusanya katikati na uzito huo unapinda mikono yake. Vigingi viingie kwa mshazari, vichwa vikielekea mbali na gari. Kwenda kulala au kutoka matembezini, likunjeni, hata kama anga ni safi.

Kuondoka tunafuata karatasi, hatutegemei kichwa. Madirisha ya juu, antena, ngazi, gesi imefungwa kwenye mtungi, friji kwenda betri, makabati yamefungwa, waya umetoka. Waya ukiwa umechomekwa tunatundika kitambaa chekundu kwenye usukani, na hakitoki mpaka waya uko ndani ya boksi. Kisha mmoja anazunguka gari lote kwa miguu, gari linasogezwa mbele mita kadhaa, wa pili anashuka kutazama kiwanja kama kuna kilichobaki.

Siku ya kukabidhiwa gari, yule wa ofisini ataeleza kila kitu kwa haraka na kwa lugha yao. Mpige video, nawe urudie kwa sauti kwa Kiswahili kila anapogusa: hii koki ya gesi, hapa pa kumwagia, hiki kitufe cha ngazi. Saa tatu usiku kambini, video hiyo ndiyo utakayoitafuta.

*

Nimeandika karatasi, upande mmoja kufika, upande wa pili kuondoka. Kijana wangu mkubwa ameomba kazi ya pimamaji na nimempa. Nimewaandikia pia wakodishaji kuuliza friji ni ya aina gani na soketi iko ubavu upi. Wamejibu: kushoto, nyuma ya tairi.