Parkingi unalipa kwanza, michezo mibovu unaikuta ndani: wazazi wa Lubumbashi tumechoka

Bandugu wa Lubumbashi, jambo kwenu wote. Naandika na hasira na sitaificha. Ile sehemu ya michezo ya nje ya mji, ile yenye pisini ya kuogelea na gurudumu kubwa, wengi wenu mmeshapeleka watoto pale. Jina silitaji. Kila tukienda, ndani kumepungua kitu na mlangoni kumeongezeka kitu cha kulipa. Parkingi ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu, lakini nisomeni mpaka chini, maana parkingi ni mwanzo tu.

Angalieni kwanza namna pesa inavyochukuliwa. Unafika na gari. Hujaona gishe, yaani dirisha la tiketi, hujaona ubao wowote, unakuta kamba imevutwa barabarani na vijana wenye vizibao vya rangi ya machungwa. Franka 10,000. Zamani ilikuwa 2,000, na kabla ya hapo mwenye tiketi halipi kitu. Ukiuliza kama leo pisini ina maji, jibu ni lile lile: "Mama, lipa kwanza, mambo ya mule ndani utauliza kwa gishe." Unalipa, unaegesha, unatembea juani na watoto mpaka gishe, unalipa kiingilio. Sasa uko ndani. Ndipo unaona gurudumu limesimama, vigari vya kugongana vimefunikwa turubai, mtelezo wa maji umekauka. Ukirudi kwa gishe unaambiwa tiketi ikishakatwa pesa hairudi. Ukienda kwa kijana wa parkingi anakuambia yeye hahusiki na mule ndani. Na watoto wameshavua viatu, wameshaanza kukimbia. Mzazi gani atawakusanya awarudishe nyumbani wakilia? Wenye sehemu wanalijua hilo vizuri sana. Ndiyo maana kamba ya pesa iko mbele, na habari ya kilichoharibika iko nyuma.

Sisi bamama wa mtaa wetu kule Katuba tulikuwa na likelemba, yaani mchango wa pamoja, ya watoto. Kuna mama anauza makala ya kupikia, yaani mkaa, kuna anayeuza mikate asubuhi, kuna anayeshona. Kila mmoja alikuwa anatoa kidogo kidogo, ili shule zikifungwa na watoto wakifaulu tuwapeleke wote pamoja, hata wale ambao wazazi wao hawana kitu. Tukakodi Hiace, tukapanga hesabu vizuri: nauli, kiingilio, parkingi, sukre, yaani soda, na mkate kwa kila mtoto. Tulipofika kwenye kamba tukaambiwa: "Hii ni bisi, mama. Bisi inalipa kwa viti." Kwa viti! Hata kiti ambacho hakikukaliwa na mtu kilihesabiwa. Dereva alitoka mchana kutafuta chakula, kwa sababu cha mule ndani hakukiweza, na aliporudi wakamlipisha upya. Akisema ameshalipa, wanamwambia atoe karatasi. Karatasi yenyewe hawakumpa, hawampi mtu yeyote. Pesa ya sukre za watoto ikaishia kwenye kamba ile, na sisi tukabaki tunagawa chupa moja kwa watoto watatu mbele ya watu.

Msiniambie tungeegesha nje. Nje hakuna nafasi tena, wameweka mawe kando ya barabara, na ukithubutu wanakufungia sabo, kile chuma cha kuzuia gari, kwenye gurudumu, kisha kuitoa sabo ni bei nyingine. Msiniambie pia tupande taksi-bisi. Inaishia mbali, halafu ni kutembea kwenye vumbi na watoto wadogo. Na manseba, mwenye pikipiki, jioni anapandisha bei kwa sababu anajua huna njia nyingine. Mtoto mmoja mgongoni, wawili mbele, ni mama gani atakubali? Kwa hiyo pale gari ni lazima, na kitu cha lazima ndicho walichokipandishia bei.

Sasa niseme kilichopungua.

Umeme. Sote tunakaa Lubumbashi, tunajua umeme unakatwa kwa zamu, tunajua migodi inakula umeme mwingi kuliko nyumba zetu. Hilo siwalaumu. Lakini zamani umeme ukikatika ulisikia grupu, yaani jenereta, inawaka, na baada ya dakika chache watoto wanarudi kwenye gurudumu. Siku hizi grupu haiwashwi, eti mafuta yako ghali. Kama hamtanunua mafuta, basi siku hiyo punguzeni kiingilio. Haiwezekani mtu alipe gurudumu lililosimama kwa bei ya gurudumu linalozunguka.

Vibanda vya majani vya kukaa kivulini vilikuwa vya wote, sasa vinakodishwa kwa saa. Choo kinalipwa na maji hayamo, unapewa kopo. Chakula cha nyumbani hakiingii tena: wanapekua mifuko mlangoni, na mama mmoja wa kundi letu aliamriwa aache bukari yake (ugali) na sombe (majani ya muhogo) kwenye gari, wakati mgahawa wa ndani siku hiyo ulikuwa na viazi vya kukaanga tu. Kwenye ubao wameandika wanafunga saa kumi na mbili jioni, lakini filimbi za kuwatoa watu zinaanza jua bado liko juu. Bei imeandikwa kwa dola, ukilipa kwa franka wanatumia kiwango chao wenyewe. Dola iliposhuka mbele ya franka yetu mwaka 2025, kiwango chao hakikushuka. Na ukileta dola yenye mkato mdogo pembeni, hawaitaki.

Hayo yote ningeyavumilia. Nisiloweza kuvumilia ni pisini.

Zamani pale palikuwa na vijana wawili wa kuokoa, wenye filimbi, mmoja upande wa kina kirefu na mwingine upande wa watoto. Safari hii hapakuwa na hata mmoja. Kiti chao kirefu kipo, kitupu. Maji yalikuwa ya kijani, huoni sakafu. Nilimuuliza mfanyakazi aliyekuwa anakusanya taulo, akanijibu kwa sauti ya chini kwamba wale vijana waliondolewa ili kupunguza gharama, na kwamba yeye ameambiwa "aangalie angalie" akipata nafasi. Yeye mwenyewe hajui kuogelea. Wazazi, mtoto anayezama hapigi kelele kama tunavyodhani. Anakosa pumzi ya kuita, anashuka kimya, na ni dakika chache tu. Katika maji yasiyoonyesha chini, nani atajua yuko wapi? Tuliwatoa watoto wetu wote majini, wakalia, wakanuna, na bamama tukakaa ukingoni kama polisi kuhakikisha hakuna anayerudi. Watoto wa familia nyingine waliendelea kuoga. Niliwaendea wazazi wao mmoja mmoja kuwaambia. Wengine walishangaa, walidhani yule wa taulo ndiye mwokoaji.

Kwa hiyo vijana wawili wa maisha ya watoto wameondolewa, na vijana wa kamba ya parkingi wameongezwa. Fikirieni hilo kidogo.

Najua kuna watakaosema hata kwa wazungu parkingi inalipwa. Ni kweli, na nimeisoma habari hiyo kwa sababu binamu yangu aliye Marekani hunitajia kila tukizungumza mambo haya. Pale Disney World, ile sehemu yao kubwa ya michezo kule Florida, mwaka 2023 parkingi ya gari dogo ilipandishwa ikawa dola 30 kwa siku. Ni ghali. Lakini bei hiyo unaikuta kwenye simu yako ukiwa bado nyumbani, unalipa mara moja, na siku hiyo hiyo unaweza kutoka na kuingia hata kwenye bustani zao zote nne bila kulipa tena parkingi. Na programu yao inakuonyesha mchezo gani umefungwa. Mtu anatoka kwake akijua anachokwenda kukuta. Ni hilo tu tunalolitaka hapa, wala halihitaji programu, linahitaji ubao na chaki.

Na wageni wa kule pia walipunguziwa, wao pia walikasirika. Tangu mwaka 1999 walikuwa na tiketi ya bure ya kuruka foleni. Ikafutwa mwaka 2021, na badala yake ikaja ya kulipia. Bisi ya bure ya kuwatoa wageni uwanja wa ndege ikakoma mwanzoni mwa 2022. Mwaka 2018 walianza kuwalipisha parkingi ya usiku hata wageni waliolala kwenye hoteli za hapo hapo, watu ambao walishalipia chumba. Wageni hawakunyamaza. Walilalamika mwaka baada ya mwaka, na Januari 2023 malipo hayo ya hotelini yakaondolewa. Nawaambia hivyo kwa sababu hapa kwetu mtu akikasirika anasema "tutafanya nini" na mwezi ujao analipa tena. Kampuni kubwa namna ile ilirudi nyuma kwenye parkingi. Hii yetu itashindwaje?

Ninachodai ni hiki. Ubao uwekwe kabla ya kamba, si ndani, uandikwe kila asubuhi: pisini ina maji au haina, mwokoaji yupo au hayupo, grupu ina mafuta au haina, mchezo gani umeharibika. Anayetaka kugeuza gari ageuze bila kutoa hata franka moja. Parkingi ilipwe mara moja kwa siku, kwa karatasi yenye namba ya gari, na mwenye tiketi ya kuingia apunguziwe. Hiace ya watoto ihesabiwe gari moja. Na pisini isiyo na mwokoaji ifungwe, hata kama ni Noeli, hata kama ni Bonane, mwaka mpya, na watu wamejaa mpaka barabarani. Juu ya hilo la mwisho sina mjadala na mtu.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu

Yule aliyeandika "kama hamna pesa mkae nyumbani": baba, sisi pesa tulilipa. Tulilipa parkingi, tulilipa kiingilio, tulilipa choo. Aliyelipa ndiye mwenye haki ya kuuliza. Na hao watoto wa Katuba wanaokaa nyumbani, unajua wanachezea wapi? Barabarani, katikati ya magari na manseba. Siku moja ya kucheza mahali salama siyo anasa kwao.

Ndugu aliyesema ile parkingi si ya wenye sehemu bali ni ushuru wa kominu, yaani serikali ya mtaa: mimi pia niliambiwa hivyo. Kijana wa kamba alisema ni kominu, wa gishe akasema ni mtu binafsi aliyekodishiwa kiwanja, mlinzi akasema ni ya bosi. Kama ni ushuru wa kweli, uko wapi mhuri, iko wapi risiti? Ushuru usio na karatasi hauingii kwenye hazina ya mtu yeyote isipokuwa mfuko wa aliyeupokea. Nitakwenda kominu kuuliza, na nitaandika hapa nitakachojibiwa.

Yaya, dada yangu uliyeandika kwamba una mdogo wako anafanya kazi pale na miezi inapita bila mshahara, pole sana, na asante kwa kusema. Wafanyakazi sina ugomvi nao. Yule wa taulo angeweza kunidanganya na hakunidanganya. Naomba watu wasiwatukane, wala wasiweke picha za sura zao hapa. Picha ninazozitaka ni za ubao wa bei, za zamani na za sasa, za kile kiti kitupu cha pisini, na kama kuna mtu hata mmoja aliyewahi kupewa karatasi ya parkingi, aiweke tuione. Barua tunaiandika bamama wa likelemba pamoja na wazazi wa parokia, itakwenda kwa wenye sehemu na nakala kwa burugumesta, mkuu wa kominu. Atakayetaka kutia jina aniandikie pembeni.

Na bamama wa Ruashi mlionijulisha kwamba mmeshakodi bisi kwa mwezi ujao: pigeni simu kwanza, muulize habari ya mwokoaji na habari ya mafuta ya grupu, na mwenye kujibu ataje jina lake. Wakikataa kujibu, mwambieni dereva abadilishe njia, wapelekeni watoto kwenye bustani ya wanyama hapa mjini, na bukari yenu mbebe.