LED ya infraredi inaiangazia sensa yake yenyewe: ukuta, mpira mweusi au programu?

mawese_ujiji
Wakuu, habari za leo. Natengeneza kihesabu chupa cha mama mmoja anayepaki mawese hapa Ujiji. Bodi ina LED ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ya nanomita 940 na fototransista, yaani sensa inayopokea mwanga huo, zimekaa ubavu kwa ubavu nyuma ya kioo, zote zinaangalia chupa inayopita kwenye mkanda. Shida: hata pasipo na chupa, Arduino (kompyuta ndogo inayosoma sensa) inasoma 600 na ushee kati ya 1023. Chupa ikipita namba inapanda kidogo tu. Nachagua kati ya ukuta mweusi wa printa ya 3D wa kuzitenganisha, mpira mweusi wa kusinyaa kwa joto wa kuzivisha, au kuacha bodi ilivyo na kuitoa hiyo 600 kwenye programu. Mnashauri nini?

fundi_mwanga
Kutoa kwenye programu ni bure, ndiyo maana wengi huanzia hapo. Lakini zaidi ya nusu ya kipimo imeshaliwa kabla chupa haijafika. Jua likiongezeka kidogo fototransista inajaa mpaka mwisho, na hapo hakuna cha kutoa. Halafu hiyo 600 haitulii: LED ikipata joto mwanga wake hupungua, na mawese yakipaka kioo namba inabadilika tena. Programu isafishe mabaki tu.

binti_reli
Vipi akiiwasha kwa mapigo ya kilohezi 38 (mara elfu 38 kwa sekunde) kama rimoti?

fundi_mwanga
Hiyo ni dawa ya jua, dada. Mwanga unaovuja nao unapiga 38 vilevile, umetoka LED hiyohiyo. Kipokezi kitajuaje upi umegonga chupa na upi umepita njia ya mkato? Angekuwa na jozi mbili za sensa, hapo sawa: awashe moja baada ya nyingine, majirani wasiingiliane.

kibirizi_elektroniki
Mkuu, kabla hujalipia ukuta: cheusi kwa macho yetu si lazima kiwe cheusi kwa infraredi. Plastiki yenye masizi ya kaboni huzuia vizuri, lakini nyingine nyeusi tii hupitisha nanomita 940 kama kioo. Ushahidi ni kile kidirisha cheusi cha mbele ya rimoti nyingi. Ziba rimoti kwa kipande chako, bonyeza, tazama kwa kamera ya selfie. Ukiona taa, kitupe. Mpira wa kusinyaa upime hivyohivyo, ule mwembamba ndio siuamini kabisa.
Mimi hukata kipande cha antena ya redio mbovu, kile kinachomeza LED ya milimita 5, navisha. Metali haina mjadala. Kisiguse miguu ya LED tu.

mzee_saketi
Antena nzuri, ila inaziba juu tu. LED humwaga mwanga hata kitakoni, na bodi ya faibaglasi inapitisha infraredi. Ile rangi ya kijani haizuii kitu. Mwanga unatembea ndani ya unene wa bodi na kuibukia chini ya fototransista.
Pima hivi, kijana: funga miguu ya fototransista kwa tepu, kisha ifunike yote kwa foili, juu na pembeni. Gizani, washa na zima LED. Namba ikicheza, njia iko chini.
Dawa ni shaba iliyojaa chini ya vyote viwili na mstari wa vitundu vya shaba katikati. Bora zaidi ni mfereji uliokatwa kwenye bodi, ukuta ushuke ndani yake.

binti_reli
Na juu, kwenye kioo?

mzee_saketi
Ukuta uguse kioo. Ukiacha upenyo, mwanga unagonga uso wa kioo na kurudi kwenye sensa. Kioo kinene kinausafirisha ndani kwa ndani pia, kwa hiyo mimi huweka vioo viwili, kila upande na chake.

mawese_ujiji
Nimepima kwa foili. Bado namba inacheza kwa 150 hivi, kumbe bodi nayo imo. Nakata mfereji kwa msumeno wa chuma, napitisha bati la kopo la maziwa. Ila kwa nini nisiweke sensa ng'ambo ya mkanda, itazamane na LED?

kibirizi_elektroniki
Kama nafasi ipo, fanya hivyo na bodi uiache. Ila usilenge tumbo la chupa: mawese yakiwa maji hupitisha infraredi, utakosa hesabu. Lenga kifuniko, baada ya kukipima kwa rimoti. Tena vifuniko ni vyembamba kuliko chupa, kwa hiyo hata chupa zikigusana, kati ya kifuniko na kifuniko mwanga utapita.

mawese_ujiji
Upande wa pili kuna ukuta wa nyumba, sentimita mbili tu. Basi ni mfereji na bati.